Picha ya Meza ya Wazee

Mtu wa Lubumbashi akipeleka picha kwa mchapaji, hachagui. Anapeleka simu nzima. Ndani ya flashi moja utakuta harusi, msiba, ubatizo, mbuzi wa Krismasi akiwa hai na mbuzi huyo huyo akiwa mchuzi, na kidole cha mtu aliyeziba kamera, kisha mwenye mali anakwambia kwa upole, "We utaona mwenyewe zenye ziko muzuri." Delphine alishazoea. Kwenye duka la uchapaji la Désiré, katikati ya mji, yeye ndiye aliyekaa mbele ya kompyuta kubwa na kuchambua takataka za watu mpaka zigeuke kadi, kalenda na vitabu vya misa.

Kwa hiyo flashi haikumshtua asubuhi ile. Kilichomshtua ni mtu aliyeileta.

"Mama Delphine?" Martine alisema, akabaki amesimama mlangoni. "Kumbe njo hapa unatumikaka?"

"Njo hapa minafanyaka kazi. Ingia, ikala."

Martine alikuwa binti wa Anaclet. Na Anaclet alikuwa kaka mkubwa wa Donat, mume wa Delphine, aliyezikwa miaka mitatu iliyopita. Tangu msiba ule hakuna mtu wa ukoo huo aliyekaa na Delphine chumba kimoja. Binti wa watu akaketi kwenye ukingo wa kiti, akaeleza haja yake haraka haraka. Anaolewa na Doudou. Alisikia kwamba mashine ya Désiré inaweza kuchapa kadi nyingi na kila kadi ikawa na mambo yake.

"Minataka kila invité akute ku meza kadi yenye iko na jina yake, na photo yake ndani, ile alipigaka na siye."

"Na mwenye hana photo?"

"Ule unamutilia yangu na Doudou."

Delphine akaandika. Kalamu ilikuwa inatembea, lakini swali lake lilikuwa linangoja tangu mlangoni. "Na Chancelvie? Atakuya mu ndoa?"

Martine akatazama magoti yake. "Atabeba maua. Iko muzima, Mama. Iko muzima kabisa."

Chancelvie alikuwa binti wa Delphine, wa kumzaa yeye mwenyewe, na ilimbidi aulize habari zake kwa mteja.

Tuseme jinsi mambo yalivyokuwa. Donat alikufa kwa figo, ugonjwa wa haraka, na kilio kiliwekwa nyumbani kwake, mtaa wa Makomeno. Kabla hata ya mazishi, Anaclet alisimama mbele ya ukoo akitoa simu mfukoni. Kwenye simu kulikuwa na picha: Delphine anacheka, shavu karibu na shavu la mwanamume, na mkono wa mwanamume huyo uko begani mwake. Simu ikazunguka mkono kwa mkono, kutoka kwa mashangazi mpaka kwa wazee wa kanisa. Wale ni watu wa Kasai, hata kama wamezaliwa Katanga wao na baba zao, na kwa watu wa Kasai kuna kitu kinaitwa tshibawu. Mke akitembea nje na kunyamaza, chakula anachopika kinaua. Kinaanza na mume, kisha watoto. Mume ndiye huyo kwenye jeneza. Kwa hesabu ya ukoo, aliyebaki kwenye foleni alikuwa Chancelvie, mtoto wa miaka minne.

Delphine alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mwanamume wa kwenye picha alikuwa Osée, mwanafunzi mwenzake wa chuo kikuu pale Kasapa, na picha ilipigwa siku waliyopewa diploma, na Donat mwenyewe alikuwapo! "Alikuwa wapi, mbona hatumuone?" Anaclet alimuuliza, na watu wakatazama tena simu, na kweli Donat hakuonekana. Osée alikuwa ameshahamia Afrika Kusini. Simu ya Delphine, yenye picha zake zote, ilikuwa imekusanywa pamoja na vyombo na masanduku tangu siku ya kwanza ya msiba. Ndipo Tantine Laurentine, shangazi wa marehemu na wa Anaclet, mama ambaye neno lake katika ukoo ule halirukwi, akasema mtoto hatakula kutoka mkono ule mpaka mkono ule ukiri. Delphine hakuwa na la kukiri. Akafukuzwa na pagne mbili za kujifunga. Anaclet akahamia Makomeno na familia yake, eti kumlindia mtoto nyumba ya baba yake.

Tangu hapo Delphine alipanga chumba Katuba, akapata kazi kwa Désiré, na Jumapili chache walizomkubalia alikwenda kusimama kwenye lango lililokuwa lake kumsalimu binti yake. Mikono mitupu. Hata peremende hapana. Shangazi mmoja alisimama pembeni kuhakikisha.

Lakini mwaka wote wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, Delphine alikuwa ameshikilia wazo moja la kumpoza: kwamba Anaclet alidanganywa. Mtu mbaya alimtumia ile picha, naye kwa uchungu wa ndugu yake akaamini. Ukiwa peke yako chumbani unahitaji kuwaza vitu kama hivyo, la sivyo utakufa kwa chuki.

Wazo hilo liliishi mpaka siku aliyofungua flashi ya Martine.

Alikuwa anachambua, huyu huku, yule kule, akiipa kila picha namba ya mgeni wake. Picha za Doudou na magari ya watu. Kwaya. Likasi, shule ya Martine ya bweni. Akabonyeza nyingine, na mbele yake akawaona wote. Osée, mkono wa kushoto begani kwa Delphine, kama ilivyokuwa kwenye simu ya msiba. Lakini mkono wa kulia wa Osée ulikuwa shingoni kwa Donat, na Donat alikuwa anacheka mdomo wazi, joho la diploma la mke wake amelivaa yeye kwa utani. Na mbele yao, chini, amepiga goti na chupa ya bia ya Simba ameiinua juu, alikuwa Anaclet.

Delphine alisogeza kiti nyuma. Sasa alikumbuka kile ambacho msiba ulimfutia. Martine ndiye aliyepiga, msichana wa bweni aliyekuja likizo na simu mpya, anapiga kila kitu. Hakuna aliyemdanganya Anaclet. Anaclet alikuwepo. Alichukua picha nzima, akamkata ndugu yake pembeni, akajikata yeye mwenyewe chini, akabakiza mwanamke na mwanamume wanaocheka, kisha akaenda kulia kwenye jeneza la mtu aliyetoka kumkata. Kwa ajili ya nyumba! Damu ilimchemka Delphine mpaka masikio yakalia. Hakutoa chozi. Machozi alikuwa ameyamaliza zamani, kwa watu wasiostahili.

Angeweza kuchapa picha moja tu akaipeleka kwa Tantine Laurentine. Aliliwaza hilo, tumpe haki yake. Lakini Anaclet angesema, Delphine anafanya kazi gani? Si ni kazi yake kutengeneza picha? Na angeaminiwa. Ila Martine akisimama na kusema picha ni yake, nani atabisha? Basi njia ya pili ilikuwa kumwita Martine pembeni, kumwonyesha, waende wawili kwa shangazi kimya kimya. Hiyo ingemrudishia mtoto wake bila kelele.

Delphine hakutaka bila kelele. Yeye alivuliwa nguo mbele ya ukoo mzima. Kwa nini Anaclet avuliwe chumbani, taa imezimwa? Mkuki kwa nguruwe ni mtamu, basi leo aonje binadamu. Akavuta kiti, akaanza kazi.

Kadi ilikuwa na nafasi mbili za picha, moja nje na moja ndani, zote tupu. Kando yake kulikuwa na majina ya wageni, na meza ya kila mmoja. Kinachojaza zile nafasi si mkono wa mtu; ni amri chache unazoiandikia kompyuta mara moja, nayo inakwenda nazo kadi baada ya kadi. Delphine aliandika zile alizolipiwa: chukua namba ya mgeni, tafuta picha yenye namba hiyo, ukiipata, iweke, usipoipata, weka bwana na bibi arusi. Ndivyo Martine alivyotaka, na mpaka hapo kazi ilikuwa safi.

Kisha juu ya amri zote akaandika moja ya kwake. Kama mgeni anakaa meza ya wazee, usitafute kitu. Nje weka picha ya diploma iliyokatwa, vile vile Anaclet alivyoikata. Ndani weka ile ile, nzima. Kompyuta inatii amri ya kwanza inayoikuta na haiulizi maswali, wala haina ukoo.

Désiré, bosi wake, alichapa kadi za majaribio zile za mwanzo tu, maana karatasi nzuri inatoka mbali na haichezewi. Mwanzo kulikuwa na vijana na kwaya. Meza ya wazee Delphine alikuwa ameipanga mwisho. Martine alikuja, akaona kadi ya rafiki yake Séphora na sura ya Séphora ndani, akalia kwa furaha, akaweka sahihi ya kukubali.

"Iko propre, Delphine," Désiré alimwambia. "Iko safi kabisa."

Kabla ya kubonyeza mara ya mwisho, Delphine alimtazama yule binti akitoka barabarani anatikisa mkoba. Martine hakuwa amemkosea. Mtoto wa watu alikuwa na siku moja tu ya kuwa bibi arusi, na Delphine alikuwa anakwenda kuivunja katikati. Aliliona hilo, likamuuma kidogo, akabonyeza.

Jumamosi alikwenda mwenyewe ukumbini kupanga kadi, kila moja mbele ya kiti chake. Alipomaliza hakuondoka. Akasimama karibu na mlango wa jikoni, nyuma ya makreti ya soda, akaona wageni wakiingia, akaona Chancelvie katika gauni jeupe akitupa maua kwa bidii, ulimi nje, kama anapanda mahindi. Alitamani kumwita. Akajizuia.

Vijana ndio waliofungua kadi kwanza. Vicheko vikatoka meza kwa meza. Watu wakasimama kuonyeshana sura zao. Tantine Laurentine naye akatafuta miwani yake, akaivaa, akatazama nje ya kadi. Uso ukamkunjamana.

"Nani anatia hii bichafu mu ndoa?"

Mzee wa pembeni yake akainua yake. Ile ile. Na wa tatu. Tantine Laurentine akaifungua yake. Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Kidole chake kikaanza kutembea juu ya sura, moja, nyingine, kikasimama juu ya moja na kubaki pale. Meza ikanyamaza. Na meza ya wazee ikinyamaza kwenye harusi, mpiga muziki anapunguza sauti bila kuambiwa.

"Anaclet! Kuya hapa."

Anaclet alikuja na suti yake ya bluu na tabasamu la mwenye shughuli. Tabasamu likaona kadi, likafa.

"Huyu ni nani?"

"Tantine, leo ni ndoa ya mutoto. Tutaongea kesho."

"Minakuuliza, huyu ni nani?"

"Ni... Donat."

"Donat mwenye ulituambia hakukuwaka pale. Na huyu wa chini, mwenye anashika chupa?"

Anaclet alizungusha macho akitafuta pa kutokea, akamwona Delphine nyuma ya makreti. "Njo ye!" akapiga kelele. "Muangalie! Anatumikaka ku machine, anatengeneza tu photo ya bongo, ya kudanganya bantu! Muke ya tshibawu anaharibu ndoa ya mutoto wangu!"

Watu wote wakageuka kumtazama Delphine. Hakurudi nyuma. Alikuwa amelingoja neno hilo, alitaka Anaclet aliseme kwa sauti, mbele za watu wengi iwezekanavyo.

Halafu sauti ndogo ikatoka meza kuu. Martine alikuwa amesimama na shela lake, kadi ya babu mmoja mkononi.

"Papa, hii photo ni mimi nilipigaka. We njo ulinilomba nikutumie, wakati ya kilio, mi nikiwa Likasi ku bweni. Ulisema unataka kuona sura ya Papa Donat."

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Anaclet iliishia hapo, kati ya keki na wakwe zake. Mzee mmoja akaiweka kadi yake mezani, uso chini. Na Delphine? Delphine alifurahi. Alifurahi kuliko siku ya harusi yake mwenyewe, na hata machozi ya Martine, yaliyokuwa yanashuka na rangi ya macho, hayakumpunguzia.

Tantine Laurentine akanyanyuka polepole, akapita katikati ya meza mpaka kwenye makreti. Mwanamke yule hakuwa na desturi ya kuomba radhi. Alikuwa mtu wa kuombwa. "Mama," alisema, "tulikukosea. Mutoto njo huyu. Mukamate mukono, muende naye. Leo, sasa hivi."

Chancelvie alikuwa amesimama pale na kikapu chake kisicho na maua. Hatua mbili tu. Mkono wa Delphine ulikuwa umeshaanza kunyooka.

Lakini nyuma ya shangazi alimwona Anaclet anajifuta jasho, anavuta kiti, anakaa. Anakaa! Kama mtu ambaye jambo lake limekwisha.

"Hapana, Tantine," Delphine alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Anaclet alisemaka bukari yangu inauaka bantu. Bote balisikia. Kesho nitapika mu nyumba ya bwana yangu, na ye njo atakula wa kwanza, mbele ya bote. Kisha njo nitakamata mutoto."

Shangazi akamtazama mtoto, kisha mama. "Vile unataka?"

"Njo vile."

Kikapu cha Chancelvie kilianguka. Mama mmoja akamwokotea.

Jumapili baada ya misa, ua wa Makomeno ulijaa. Asubuhi Désiré alikuwa amemtumia Delphine ujumbe mfupi kwamba, kwa ajili ya zile kadi, Jumatatu asirudi kazini, na Delphine alikuwa ameusoma kama anasoma tangazo la mtu mwingine. Aliingia jiko lake. Alisonga bukari, ugali wa kwao, mpaka ikawa laini na nyeupe, akachemsha mboga ya lengalenga, akakaanga samaki wa tomson kwa nyanya na kitunguu. Alipika vizuri kwa makusudi. Alitaka kisionekane hata kasoro ya chumvi.

Anaclet aliwekwa kwenye kiti katikati ya ua, peke yake, na meza ndogo mbele yake. Ukoo ukazunguka. Mtu yule alikuwa amezua tshibawu kwa mdomo wake, lakini alikuwa Muluba wa Kasai wa kuzaliwa na alikuwa anaiamini kama wenzake. Na hata asingeiamini, alijua alichomfanyia mwanamke aliyesimama mbele yake na sahani. Alinawa mikono mara mbili.

"Kula, shemeki," Delphine alisema.

Akamega kidonge kidogo kama cha dawa.

"Fanya munene. Njo wangu nilipika, usipate haya."

Mtu mmoja akacheka nyuma. Anaclet akamega kikubwa, akachovya, akaweka mdomoni, akatafuna muda mrefu. Kumeza kulimshinda mara ya kwanza. Jasho lilimtiririka kwenye kola. Delphine aliinama karibu, akamwongezea mboga, akamwongezea samaki, akimtazama kooni kila tonge lilipopita.

"Unaogopa nini? Inauaka?"

"Hapana," Anaclet alinong'ona.

"Sema bantu basikie."

"Haiuake!"

"Basi kula."

Akala mpaka mwisho. Delphine akampangusia sahani kwa kipande cha mwisho cha bukari, akampa hicho pia, na hicho kilikuwa kitamu kwake kuliko vyote. Tantine Laurentine akainua mkono: "Iko muzima. Tumeona. Imekwisha." Wanawake wakapiga vigelegele. Anaclet akabaki amekaa, mikono juu ya tumbo, macho chini.

Ndipo Delphine akaleta sahani ya pili, ndogo, ile aliyoipanga kwa upendo, samaki ameshatolewa miiba. Akatandika mkeka, akamwita binti yake. Chancelvie akaja, akaketi vizuri, miguu pamoja, kama alivyofundishwa katika nyumba ile. Delphine alimega kidonge, akakichovya kwenye mchuzi, akakinyoosha. Miaka mitatu alikuwa amekilisha kinywa kile kwa ndoto tu.

"Kula, mama."

Mtoto hakufungua mdomo. Alikuwa anamtazama tonton wake, Anaclet, kwenye kiti chake.

"Kula, mama yangu. Ni ya kwako."

"Tungoje kwanza," Chancelvie alisema, kwa adabu.

"Tungoje nini?"

"Tuone kama tonton atakufa."

Vigelegele vilikatika. Delphine akakitazama kile kidonge mkononi mwake, akakiweka mdomoni mwake mwenyewe, akakitafuna, akakimeza, akajaribu kutabasamu.

"Unaona? Iko muzuri."

Chancelvie akaacha kumtazama Anaclet, akaanza kumtazama yeye.